USITIE SAINI! (kwa mleta uzi aliyeahidiwa nakala 500 kwa nusu bei)

Usitie saini.

Nimeliweka peke yake hapo juu ili hata kama unasoma ukiwa ndani ya tuktuk ulione. Yanayofuata ni maelezo, na mengine ni machungu yangu tu.

Kwa anayeingia sasa hivi: mleta uzi amepata chumba cha duka Mji wa Kale, hatua chache kutoka Fort Jesus, ana laki tano mkononi na anataka kufungua duka la vitabu. Kabla hata hajapaka rangi, ametokea bwana mmoja, "mwakilishi wa mwandishi", anamwambia kuna riwaya mpya inazinduliwa mwezi ujao, achukue nakala 500 kwa nusu bei, alipe zote kabla, naye atakuwa duka pekee Pwani nzima lenye kitabu hicho. Saini ni Jumatatu. Halafu ameuliza mengine manne: rafu, leseni ya kaunti, kuweka kahawa, na kuuza mtandaoni. Hayo nitajibu ninayoyaweza humu humu.

Mwanangu, nilipofika kwenye "duka pekee Pwani nzima" niliweka kikombe chini. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2019, kwa mpangilio huo huo. Mie nilichukua 600. Wewe angalau wamekuhurumia mia.

Najua kuna atakayesema mama huyu alikuwa mjinga. Nilikuwa mjinga, ndiyo, lakini ujinga wangu ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni muhimu kwako, kwa hiyo vumilia.

Nauza vitabu Mombasa tangu 2006. Duka langu lilisimama kwa vitabu vya shule. Januari ndiyo yalikuwa mavuno: wazazi na orodha zao mkononi, foleni mpaka barazani, vijana wawili nimewaajiri kwa kazi moja tu ya kufunika vitabu kwa plastiki. Pesa ya Januari ililisha duka mpaka Agosti. Mwaka 2018 serikali ikaanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji hadi shule za umma. Kwa watoto ni heri, siwezi kusema vingine. Kwangu ilikuwa kama kufungua mlango asubuhi ukakuta barabara imehamishwa. Mwaka uliofuata mtaala mpya ukaingia madarasa ya chini, na vitabu vyangu vya darasa la kwanza hadi la tatu vikawa mzigo wa kufutwa vumbi. Na hapo tulikuwa tayari tumeibeba ile VAT ya asilimia 16 iliyoingia kwenye vitabu kwa sheria ya 2013. Kwa hiyo nilikuwa natafuta cha kunishika mkono. Mtu anayezama hachagui kamba, na wauza kamba wanalijua hilo.

Hapo ndipo bwana akaja.

Alikuja Februari, kaskazi imekata, joto limewafanya hata paka wa Mji wa Kale walale chali vivulini, naye amevaa koti la suti. Hilo peke yake lingenitosha. Mtu anayevaa koti la suti Mombasa mwezi wa pili, ama anaoa ama anauza kitu. Alijiita mshauri wa masoko ya vitabu. Aliletwa na binamu yangu, ambaye nitamfikia.

Akachukua kitabu changu cha risiti, akageuza ukurasa mmoja, akaandika nyuma yake: 600 mara 500, laki tatu. Chini yake: 600 mara 1,000, laki sita. Akatoa, akapata faida ya laki tatu, akaipigia mistari miwili, akanirudishia kalamu yangu. Karatasi ile ninayo mpaka leo, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la pesa. Ukiitazama haina kosa la hesabu hata moja. Ila mstari wa kwanza ni nakala 600 ninazonunua, na wa pili ni nakala 600 hizo hizo kana kwamba zimeshauzwa. Kati ya mistari hiyo miwili wanatakiwa binadamu 600 waingie mlangoni kwangu, kila mmoja na elfu yake. Hao hakuwaandika.

Akaongeza ahadi tatu. Nitakuwa duka pekee Pwani. Kitabu kinapelekwa KICD, taasisi ya serikali inayoidhinisha vitabu vya shule, kikiidhinishwa tu shule zitakigombania. Na kuna mheshimiwa atakuja kwenye uzinduzi anunue nakala mia za shule za wadi yake. Zote tatu kwa mdomo. Kwenye karatasi palikuwa na idadi, bei, na sentensi moja fupi: bidhaa ikishapokelewa hairudishwi. Sitakudanganya kwamba sikuiona. Niliisoma, nikasema moyoni, nirudishe kwa nini kitu kinachokwisha?

Laki tatu sikuwa nayo. Nilikuwa na bangili sita za dhahabu nilizovishwa siku ya harusi yangu, na mkufu. Nikaenda kwa sonara. Akaweka bangili moja moja kwenye mizani, akaandika, akaitoa, akaweka nyingine, taratibu, kama mtu anayenipa nafasi ya kubadili nia. Kufika ya nne akauliza, "Bi, kuna mgonjwa nyumbani?" Nikamwambia hapana, kuna kitabu. Akanitazama. Akaweka ya tano.

Mamangu, Mungu amrehemu, aliponiona mkono mtupu hakunigombeza. Alisema tu, "Dhahabu haishiki ukungu, mwanangu." Nikadhani ni maneno ya wazee.

Uzinduzi ulifana, tena sana. Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na mashairi, taarab kidogo, hotuba, hotuba, na hotuba nyingine ya kushukuru hotuba. Ukumbi, viti, maji, sambusa na kahawa nililipa mimi, shilingi 38,000, kwa sababu mshauri alisema duka pekee ndilo mwenyeji. Watu wangu nawapenda, lakini sisi uzinduzi wa kitabu tunakwenda kama tunavyokwenda harusini: tunavaa, tunakula, tunampongeza mwenyewe, tunarudi. Hakuna anayetoka harusini amembeba biharusi. Walikichukua kitabu mezani, wakapiga nacho picha, wakakirudisha na alama ya dole gumba la mafuta ya sambusa juu ya jalada. Nilikaa nyuma ya meza ile saa nne nzima na kitambaa mkononi, nafuta madole.

Nakala 41. Na hizo kwa 800, maana ilitangazwa kwenye kipaza sauti kwamba leo kuna punguzo, na aliyetangaza si mimi. Mheshimiwa alikuja, akasema lugha ni roho ya taifa, watu wakapiga makofi, kisha msaidizi wake akachukua nakala 20, "ofisi italeta pesa". Ofisi bado inakuja. Labda imekwama feri.

Sasa ngoja nikuonyeshe jambo ambalo hutaambiwa na huyo bwana wako. Mwezi haukuisha, wateja wakaanza mchezo nisiouelewa. Mtu anaingia, anakitoa kitabu rafuni, anasoma nyuma, anapiga picha jalada, anaandika kwenye simu, anasubiri. Simu inalia. Anatabasamu, anakirudisha, anaaga kwa adabu. Wa tatu nilimuuliza. Akanionyesha bila haya: mwandishi mwenyewe anauza kwa WhatsApp, 600, na anakuletea mpaka mlangoni kwa bodaboda. Zilichapwa nakala 1,000. Mimi nilinunua 600, yeye akabaki na 400, na hakuna palipoandikwa auze kwa bei gani. Ahadi ya duka pekee ilikuwa kweli kabisa, maana yeye hakuwa duka!

Nikampigia mshauri. Akaniambia, "Hiyo ni changamoto ya soko, madam." Changamoto ya soko! Marikiti ndilo soko, na pale muuza nyanya akikuuzia debe zima halafu akamtuma mwanawe akae mlangoni kwako anauza nyanya zile zile kwa bei ya chini, haitwi changamoto, anaitwa jina lake.

Katika miezi minane iliyofuata niliuza nakala 26 kwa bei kamili. Nyingi walinunua watalii wa Kiswahili, wanafunzi wa kigeni wanaokuja kujifunza lugha, ambao hawakuwa na namba ya mwandishi.

Zikabaki katoni kumi na mbili na nakala chache rafuni. Ghala sina. Nikazipanga sita chini sita juu, kando ya ukuta, nikazitandika leso, zikawa kibaraza ndani ya duka. Nikaleta dele la kahawa na kashata. Wazee wakaanza kukaa alasiri, magazeti, siasa, nani kafa, nani kaoa. Kwa miezi minne kahawa iliyonywewa juu ya kitabu kile iliingiza pesa kuliko kitabu chenyewe. (Haya, hilo ni jibu la swali lako la kahawa. Weka.)

Siku moja, Januari 2020, akaingia mwandishi mwenyewe. Akaamkia wazee, akakaa kibarazani, akapokea kikombe. Kijana mpole, simsemi vibaya. Akauliza, "Bi, kitabu chetu kinaendaje?"

Nikamwambia, "Umekikalia."

Akacheka. Alidhani ni fumbo, maana Mombasa hata salamu ni fumbo. Nikainua ncha ya leso akaona jina lake kwenye katoni. Kikombe kilibaki hewani. Wazee wote wakaanza kutazama nje kana kwamba meli inaingia.

Ndiyo siku hiyo niliyojua mengine. Alinieleza kwamba alikuwa na deni la mpiga chapa. Kuchapa nakala chache bei ya kila moja inapanda, kuchapa nyingi inashuka, kwa hiyo akashauriwa achape 1,000 ili kila nakala imgharimu kidogo. Aliyeshauri ni nani? Koti la suti. Kisha koti likamwambia litamtafutia mtu wa kubeba 600 kwa pesa taslimu, deni liishe, na ujira wake uwe asilimia 10. Elfu thelathini, alipewa siku ile ile niliyolipa. Yaani thamani ya bangili moja ilikuwa mfukoni mwake kabla mimi sijafika nyumbani. Na KICD? Kitabu hakikupelekwa kokote. Hata ISBN hakikuwa nayo. Tarakimu kumi na tatu nyuma ya jalada, hutolewa na Maktaba ya Taifa, kila muuza vitabu anazijua kama anavyojua namba yake ya M-Pesa. Mimi nilikuwa na nakala 600 na sikugeuza hata moja nikaangalia. Miaka kumi na tatu ya kuuza vitabu! Cheka tu, mimi nimeshacheka.

Muyaka, yule malenga wetu wa kale wa Mombasa, angekuwa hai ningemlipa amtungie yule bwana beti nne, ziimbwe Mombasa mpaka zifike Lamu. Mie kipaji hicho sina, nina risiti. Na binamu yangu aliyemleta, nilipomuuliza yeye alipata nini, akaapa hakupata kitu ila chakula siku ya uzinduzi. Sambusa zangu mwenyewe! Kuna watu bei yao ni rahisi mno, hata kukasirika unaona ni hasara.

Ungedhani yameishia hapo.

Mei 2020, korona, serikali ikaufunga Mji wa Kale, hakuna kuingia wala kutoka. Kwanza tuliambiwa wiki mbili, zikawa mwezi. Mimi naishi Tudor, duka liko ndani. Na Mei ndiyo kilele cha masika. Nyumba zile kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unakunywa maji kama sifongo, na usipopata hewa hauyatoi. Mimi katoni zangu nilikuwa nimezisukuma zikagusa ukuta, ili nipate nafasi ya wazee kunyoosha miguu.

Nilipofungua Juni, harufu ilinipokea kabla mlango haujafunguka wote, harufu ya kisima kisichotumiwa. Leso ya juu ilikuwa kavu, nikajipa moyo. Safu ya juu ya katoni, nzima. Nikainama nikatia mkono safu ya chini. Katoni ilibaki vidoleni mwangu kama mkate uliolowa chai. Ndani, kurasa zilikuwa zimegandana zikawa matofali, kijani pembeni, nyeusi katikati, na gundi ya mgongo imegeuka ute. Nakala 240. Nilivibeba kwa mkokoteni mara tatu. Mwenye mkokoteni akaniuliza ni mahindi ya wapi haya yaliyooza.

Dhahabu haishiki ukungu.

Sasa hesabu, maana huyo mchangiaji wa pili juu yangu kwenye uzi huu anasema "fikiria makubwa", na mwingine anasema "punguzo la nusu hulipati tena". Nyie watu, laki tano si yenu! Tazama. Nilitoa 300,000 za vitabu na 38,000 za uzinduzi. Ziliingia 32,800 siku ya uzinduzi, na 26,000 za zile nakala 26. Baadaye nikapata mtu wa kununua 60 kwa 200 kila moja, 12,000. Jumla 70,800. Hasara 267,200, bila kuhesabu kodi ya chumba kilichogeuzwa ghala, wala bangili, ambazo ukitaka kuzinunua leo, bei ya dhahabu nenda kaulize mwenyewe, mie sipiti tena mtaa ule.

Na ingekuwa mali kauli? Yaani kitabu kinakaa kwangu, nikiuza namlipa mwandishi, kisichouzika kinarudi kwake, na duka linachukua asilimia 35 ya bei ya jalada. Nakala 67 nilizouza mkono kwa mkono, kwa bei ya elfu, zingeniachia 23,450. Si utajiri. Lakini ni faida, na mkono wangu ungekuwa na bangili.

Basi kanuni yangu ni hii moja, na nimeiandika kwa kalamu nene juu ya meza ya malipo: KITABU KIPYA, MALI KAULI, NAKALA TANO. Hata kama mwandishi ni mwanangu wa kumzaa. Hata kama ameandika kuhusu mamangu. Punguzo la nusu si zawadi, ni bei anayokulipa ili umchukulie hatari yake. Hatari ya kitabu kisichojulikana ni ya aliyeamua zichapwe ngapi. Wewe hukuamua zichapwe elfu, kwa nini ulale nazo? Wala si jambo nililolibuni mimi baada ya kuumia. Wachapishaji wa Marekani walianza kuyaruhusu maduka kurudisha vitabu visivyouzika tangu miaka ya 1930, wakati wa mdororo wa uchumi, kwa sababu waliona vinginevyo hakuna duka litakalothubutu kuweka mwandishi mpya. Wao walielewa. Sisi tunaletewa koti la suti.

Utaniambia tano ni chache, je zikiisha? Zikiisha wiki ya kwanza utafurahi, utampigia simu. Vitabu vikipakiwa kwenye basi la usiku Nairobi, asubuhi unavipokea. Mwandishi wa hapa hapa anakuletea kwa tuktuk. Hakuna sababu duniani ya chumba cha kodi, karibu na bahari, kwenye ukuta wa matumbawe, kuwa ghala la mtu mwingine.

Na uandike. Mimi nina daftari la nakala mbili, karatasi ya kaboni katikati, moja yake moja yangu. Jina la kitabu, idadi, bei ya jalada, asilimia ya duka. Siku ya kuhesabu, mimi huweka kila baada ya siku 90. Visivyouzika aje avichukue mwenyewe ndani ya siku 14, na vilivyochafuliwa na duka nalipa mimi, hiyo ni haki yake. Kisha mstari nilioulipia kwa dhahabu: mwandishi hatauza kwa wasomaji chini ya bei ya jalada vitabu vyake vikiwa dukani kwangu. Akitaka kushusha, anishushie na mimi. Nimeshapata waandishi waliokunja uso kwenye mstari huo. Hakuna aliyeukataa nikimsimulia habari ya kibaraza.

Upande wetu pia tuna madhambi, niseme ukweli. Kuna maduka yanachukua mali kauli halafu mwandishi anasumbuka mwaka mzima kudai shilingi 1,950 za nakala tatu. Usiwe duka hilo. Siku ya 90 hesabu, mtumie M-Pesa siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni nakala moja. Nina mwandishi ambaye siku zote ananiletea mimi kwanza kitabu kipya, kwa sababu tu niliwahi kumtumia 650 bila kuulizwa.

Jumatatu fanya hivi. Mwambie huyo mwakilishi: nakala tano, mali kauli, tuandike sasa hivi. Usieleze, usibishane, usimwonyeshe laki tano iko wapi. Akikasirika, akakwambia kuna duka jingine linangoja, mtakie heri. Muulize pia kwa nini mtu mwenye kitabu kitakachokwisha kwa mwezi anataka kukupa wewe nusu ya pesa. Mimi sikuuliza swali hilo. Na kama mwandishi mwenyewe anakataa kuacha nakala tano bila kulipwa kabla, basi jua yeye ameshakisoma kitabu chake na wewe bado.

Uzinduzi akitaka kufanya dukani kwako, mkubalie, ni mzuri kwa duka. Sambusa alete yeye.

Rafu. Mbao, lakini usizipigilie ukutani. Acha nafasi ngumi moja kati ya rafu na ukuta, na ubao wa chini kabisa uwe juu ya sakafu kiasi cha kupitisha ufagio. Masika ikiingia, vitabu vya chini vipandishe juu. Vyuma Mombasa vinapata kutu kwa chumvi ya hewa, halafu kutu inahamia kwenye majalada, na mteja hanunui kitabu chenye madoa ya chai ambayo si chai. Seremala akikwambia atabana ukutani ili iwe imara, mwambie Bi mmoja amekataza.

Kulikuwa na maswali mengine mawili, la leseni na sijui lile jingine, wengine watakujibu. Mie nimeshaandika mpaka kahawa imepoa.

Leo baada ya kusoma uzi wako nilizihesabu zilizobaki: 213. Pita duka la vitabu lenye kibaraza, uchukue moja umwekee huyo bwana mezani Jumatatu kabla hajafungua mdomo. Sikuuzii, nakupa. Chagua yenye dole gumba la sambusa, zipo nyingi.